Picha ya Paluku Iliyofika Nusu

Kavira, mujukuu wangu,

Huku Mususa, ndani ya Butembo, tuko muzima. Mama yako anavuna maharagi, na goti yangu imepona.

Unaniuliza uchague programu gani ya bure ya kukusanya mafichiye, ni kusema mafaili, yenye batu banatuma vipande-vipande kwenye vikundi vya Internet.

Wakati wa vita, ndugu yangu Paluku alikimbia kutoka Beni, tukakosa habari yake. Kisha akatuma picha yake kwa njia hiyo, vipande saba. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa cyber, nyumba ya Internet, hapa Butembo. Kipande cha tano hakikufika. Programu ya kwanza, ile ya kupendeza, ikakataa vyote. Nikajaribu ingine, ya sura mubaya. Ikaandika kwamba cha tano kinakosekana, lakini ikafungua vile vine vya kwanza. Tukaona nywele, macho na pua, basi.

Mama yangu, nilikuwa nimemuita, akagusa kioo cha kompyuta. "Ni Paluku. Amekonda."

"Tungoje kipande kinabakia, Mama."

"Hapana. Acha nimuangalie."

Kwa hiyo chagua ile inakuambia kweli kitu gani kinakosekana, na haikunyimi kile kiko. Mama yangu alikaa pale mpaka tukafunga cyber, na njiani akaanza kuimba.

Kula muzuri huko.

Koko yako, Kasereka