Gari la Mahari

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Klachi ya lori la mkonge bado. Dereva wake amekaa juu ya tairi kutwa nzima, anakunywa chai yangu na kunishauri. Wasiojua kazi ndio wenye ushauri mwingi.

Alasiri Nasoro akaja na gari. Huyu ndiye anayemuoa binti yangu Zuhura, Jumamosi ya wiki ijayo. Anauza katika duka la babake hapa Voi. Mikono laini. Marashi yake yanafika kabla yake. Zuhura alipoulizwa anataka mahari gani hakutaja dhahabu wala kabati. Alisema gari. Ni nesi katika zahanati ya Mghange, na huko juu mama akishikwa na uchungu mtu huanza kukimbia huku na huko kutafuta pikapu ya kabichi. Amechoka na hayo. Nasoro akakubali papo hapo, akaenda kulinunua Mombasa.

Mimi nina gereji mji huu tangu yeye hajazaliwa. Hakuniuliza.

Gari lenyewe ni katika haya mapya ya Wajapani yaliyokwisha tumika kwao. Si saluni, si landrova. Popo. Limeinuka, lina fo-wili, limepakwa rangi nyekundu mpaka linaumiza macho. Penye urembo ndipo penye urimbo. Litakaa kwangu mpaka siku ya nikahi. Vizuri sana. Ufunguo nimeutundika kwenye msumari.

Jumanne, 3 Septemba

Alilileta likiwa moto. Wauzaji wote huleta gari likiwa moto, na wanunuzi wote hufurahi likiwaka mara moja. Mimi nimeliacha lilale mpaka likapoa kabisa. Leo baada ya sala ya alfajiri nikaliwasha.

Moshi wa bluu nyuma. Kidogo, kisha ukaisha. Sili za valvu zimezeeka, basi. Nikafungua kifuniko cha oili nikitafuta ule uji wa maziwa unaoonyesha kwamba maji yameingia mahali pasipo pake. Hakuna. Maji ya rejeta safi. Mkanda mzima.

Nimeudhika.

Mke wangu akatoka na kikombe akanikuta nimeinama. Akasema mahari haikaguliwi kama mbuzi wa mnadani. Nikamwambia mbuzi wa mnadani hapandishwi Mghange na mtoto wangu ndani yake. Akarudi jikoni.

Jumatano, 4 Septemba

Nimelipeleka juu ya shimo. Chini limepakwa lami mpya. Mtu hapaki lami mahali pasipoonekana ila ana la kuficha. Nikagonga kwa nyundo kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kinaitika vizuri. Kutu kidogo nyuma ya gurudumu. Chumvi ya pwani hiyo.

Mita inasema gari ni changa. Raba ya pedali ya klachi imelika mpaka chuma kinaonekana. Mita imerudishwa nyuma, mtoto mdogo angejua. Tairi za mbele zimelika upande wa ndani, kwa hivyo bushi zimekwisha. Nikakata usukani mpaka mwisho nikazunguka uwanjani polepole. Tak, tak, tak, gurudumu la kushoto. Jointi ya ekseli imechoka.

Fo-wili inashika. Nilitamani isishike.

Haya yote ni ya kawaida kwa gari lililotumika. Yanatengenezeka hapa hapa. Hayavunji harusi.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunijibu: siitaki harusi hii. Nilimtaka mtoto wa ndugu yangu, kijana wa kazi, mwenye grisi kwenye kucha. Zuhura alimkataa mbele ya shangazi zake wote, mimi nikaambiwa kama jirani anavyoambiwa. Sasa anachukuliwa na mtu ambaye hawezi kubadilisha tairi. Nataka kitu kikubwa. Kipo. Chema chajiuza, na gari hili aliyelileta Mombasa alilitembeza miezi mizima, nimeulizia.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekipata.

Nilitoka asubuhi. Njia ya Mwatate tambarare, gari likaenda kama maji. Nikalipandisha Wusi. Likapanda bila kulalamika, na gia ya pili ikavuta kona zote. Hapo watu wa milimani humaliza ukaguzi wao. Mtu wa juu akitaka kujua gari zima hulipandisha. Likipanda, ananunua. Wauzaji wa Mombasa wanaijua tabia hiyo, ndiyo maana wanasema nenda kalipandishe popote utakapo.

Mimi nikaligeuza nikaliteremsha.

Kona ya kwanza nikaondoa mguu kwenye mafuta. Gia ya pili ikatema. Yenyewe. Kijiti kikaruka kikanigonga mkono na gari likawa halina gia, linateremka kwa uzito wake. Breki tu. Nikairudisha, ikatema tena. Likivuta inakaa, likizuia inaruka. Meno yamelika, au uma umepinda, mpaka giaboksi ifunguliwe ndipo nijue. Nilipofika chini breki zinanuka.

Nilisimamisha kando ya barabara nikacheka peke yangu. Mama mmoja aliyebeba kuni akanitazama akaharakisha.

Sitasema sasa. Nikisema sasa, watalirudisha kimya kimya au watalitengeneza kimya kimya, na Nasoro atabaki mwana wa watu. Nitasema Jumamosi ile, msikitini, wazee wa pande zote mbili wamekaa, shehe ameuliza mahari ni nini. Hapo nitasema. Wacha atokwe na jasho aone kama marashi yatamsaidia.

Ijumaa, 6 Septemba

Zuhura amefika jioni. Amechukua likizo ya harusi. Amekonda. Hakuingia ndani kwanza, alilifuata gari, akaweka mkono juu ya bonneti kama anayepima homa. Kisha akaniuliza.

"Baba, umelitazama? Lina ubaya wowote?"

Nikasema, "Gari ni gari."

Akafurahi. Alidhani nimelisifu. Kwa kawaida mimi silisifu gari la mtu.

Jumapili, 8 Septemba

Nasoro amekuja kuosha gari. Anavua viatu kabla ya kuingia ndani yake. Anaimba. Sikumkaribisha chai, Mama Zuhura akamkaribisha.

Nimefanya mazoezi ya maneno yangu chini ya lori. "Wazee wangu, mahari ni amana." Nzuri hiyo. Nitaanza na hiyo.

Jumanne, 10 Septemba

Nimerudi kutoka sala ya adhuhuri, msumari mtupu.

Mama Zuhura akaniambia. Salamu zimekuja kutoka Mghange na dereva wa pikapu: kuna mama ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, pikapu yenyewe imevunjika springi hapa Voi. Zuhura hakungoja. Likizo yake, gari lake, akaenda.

Nikauliza ameondoka saa ngapi. Muda mrefu.

Nilitaka kuchukua gari lolote nimfuate. Gereji nzima hakuna lenye magurudumu manne chini. Nikaenda barabarani nikasimamisha watu, hakuna aendaye juu. Nikarudi. Nikashika spana nikaiweka. Upepo ulikuwa unaleta vumbi lote la Voi uwanjani kwangu na nikalitukana. Nikajua kila kona anayoshuka. Nikajua anaondoa mguu wapi. Nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na bado nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Karibu na magharibi likaingia. Polepole. Akashuka. Gauni lake la kazi lina damu, si yake. Mama yuko hospitali, amejifungua, wote wazima. Aliyasema haya kwa mamake. Kisha akaja kwangu, akafungua kiganja cha kushoto. Kimechubuka, malengelenge yamepasuka. Alishika kijiti cha gia kutoka juu mpaka chini bila kukiachia, na mkono mmoja kwenye usukani, na yule mama analia nyuma.

"Ya pili inaruka, Baba."

Nikasema, "Najua."

Lilitoka lenyewe. Mazoea ya kazi. Mteja akikwambia ubovu, unasema najua.

Akanitazama. Akauliza tangu lini. Nikatazama gari. Hakuuliza mara ya pili. Akaenda kunawa.

Jumatano, 11 Septemba

Mama Zuhura ananiwekea chakula kama anavyomwekea paka.

Kosa ni la aliyeuza. Kosa ni la Nasoro aliyenunua. Kosa ni la Zuhura aliyechukua ufunguo bila kuomba. Kosa ni la huo msumari. Nimeung'oa.

Alhamisi, 12 Septemba

Nasoro amekuja bila marashi. Zuhura amemwambia ya gia, sijui kama amemwambia na yangu. Alisimama mlangoni mwa gereji mpaka nikalazimika kumwangalia. Shikamoo. Marahaba.

Akasema hajui magari. Yule muuzaji alimwambia alipandishe Rabai, akalipandisha, likapanda. Akalipa. Nikamuuliza, sikuweza kujizuia, kwa nini hukuja kwangu mimi na mlango wangu uko wazi siku sita kwa wiki.

Akasema, "Ningekujaje, Baba? Nikuombe wewe unitafutie mahari ya binti yako? Wazee wetu wangenikata kichwa."

Kweli. Hata mimi ningemfukuza. Mtu haendi kwa mkwewe kumwomba amsaidie kununua mahari. Mambo hayo hayafanywi.

Kwa hiyo hakunidharau. Aliniheshimu. Ningependa zaidi angekuwa amenidharau, ningejua la kufanya. Aliniomba niifungue giaboksi, gharama juu yake. Nikamwambia nina kazi. Akasema haya Baba, akaondoka, na mgongo wake ukanichukiza kama kawaida.

Jumamosi, 14 Septemba

Imekwisha.

Msikiti umejaa. Wazee wa pande zote, mikeka mipya, halua. Nimevaa kanzu ile ya Idi. Nasoro mbele yangu, shehe katikati. Mimi ndimi walii, mimi ndimi wa kuoza. Maneno yangu nilikuwa nayo. Bado nilikuwa nayo, nakiri. Baada ya yote ya Jumanne bado nilitaka kuyasema. Nilisema moyoni kwamba ni haki yake binti, lazima watu wajue. Mtu akiwa na chuki huipa jina zuri.

Kabla ya yote shehe akawatuma mashahidi wawili nyumbani wamuulize binti kama ameridhia mume na mahari. Tukangoja. Wakarudi. Mkubwa wao, mzee mwenye sauti ya kuadhini, akasimama akasema mbele ya watu wote:

"Binti ameridhia. Mahari yake gari, na amelipokea na ubovu wake. Anasema ubovu anaujua, na hahitaji kuambiwa na mtu."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa maharusi. Shehe akatabasamu. Nasoro akatazama mkeka.

Mimi nikajua maneno yale yametumwa kwa nani.

Nikampa Nasoro mkono. Wake ulikuwa umelowa. Nikasema nimekuoza binti yangu Zuhura kwa mahari ya gari, kama mlivyopatana. Akasema nimekubali. Biriani ilikuwa nzuri, wanasema. Sikula.

Jumapili, 15 Septemba

Wameondoka nalo asubuhi. Doa la oili limebaki pale lilipokuwa. Nimemwaga mchanga.

Jumatatu, 23 Septemba

Lori la mkonge limerudi. Klachi nzima, sasa ni breki. Dereva yule yule, ushauri ule ule.

Kabla ya adhuhuri Zuhura akapita anakwenda kazini. Aliingia uwanjani, hakuzima injini. Akashuka, shikamoo Baba, akampa mamake ndizi za Bura. Kiganja kimepona, ngozi mpya ina rangi nyingine. Nilisimama karibu na gari nikilisikiliza. Moshi hakuna, lakini injini moto haisemi kitu. Nikapiga magoti nikatazama chini. Giaboksi imefunguliwa ikafungwa, gasketi mpya, bolti zote zimefutwa.

Nikauliza nani ameifungua.

"Fundi mmoja ng'ambo ya reli."

Nikasema ungeniletea mimi.

Hakukasirika. Alisema kwa upole, kama anavyosema na wagonjwa wake.

"Nilikuuliza wewe kwanza, Baba."

Akapanda. Mama yake akapunga mkono. Nilibaki uwanjani mpaka alipofika barabara kuu. Ya kwanza, ya pili. Akaondoa mguu pale kwenye matuta, na gia ikakaa. Ya tatu.

Nimefunga mapema leo. Breki za lori nitazimaliza kesho.