Baba, Gari Jipya Halingurumi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwa kuwa huwezi kuniitikia, nimejiitikia mwenyewe: marahaba, Kulwa, hujambo? Sijambo, baba, ila nina jambo. Nataka kuuza pikapu yako.

Usikunje uso kwanza. Unajua ilivyo. Mlango mmoja unafungwa kwa kamba, na dizeli inayokunywa inamaliza faida yote ya mchele ninaoutoa Kahama kuwaletea mama lishe wa hapa Bugarama. Kile kidumu cha maji ya rejeta bado kinakaa nyuma ya kiti, palepale ulipokiacha, maana hakuna safari inayokwisha bila kukihitaji. Basi nikaagiza pikapu ya umeme. Ndiyo, baba, ya kuchaji kama simu.

Nilisubiri mpaka nikachoka. Mara iko melini, mara iko bandarini, mara "wiki ijayo, dada". Hiyo wiki ijayo imepita mara ngapi, sijui. Sokoni wakanibatiza Mama Chaji. Fundi Masanja, rafiki yako, kila nikimpelekea pikapu yako aliniuliza kwa upole, "Lile la ndotoni limefika?" Halafu anacheka mpaka anashika kiuno.

Mama peke yake hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Ukiliuza la baba yako, nitajuaje kama umefika?"

Unakumbuka, baba. Ulipokuwa unapanda kile kilima cha karibu na stoo ya pamba, mngurumo ulitangulia nyumbani. Mama aliinuka akabandika maji ya ugali, mimi na pacha wangu Doto tukakimbilia getini. Ukifika kwenye kona ulipiga honi mara nne: mwa-nga-lu-ka. Mama aliitikia kutoka jikoni kwa sauti ya kupasua bati, "Mwangaluka!" Kisha anaanza kulalamika, kwa kuwa hiyo kwa Kisukuma ni salamu ya asubuhi na wewe ulikuwa unarudi jioni. "Sema mwadila, Baba Kulwa! Jua limezama!" Nawe ulimjibu vilevile kila siku: "Gari halijui saa."

Tangu ututoke, mama amekuwa akinisikilizia mimi kwa injini yako. Barabara ile imejaa malori ya mgodini, naye hatulii mpaka asikie mngurumo kilimani. Lakini honi ya konani sijawahi kuipiga. Niliona ni yako.

Juzi gari likafika Kahama. Dada anayeliuza alitaka nisaini papo hapo. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinunua maksai mnadani: wenzako wanakagua pembe na kwato, wewe unasema, "Mfungeni jembe kwanza, nimwone akilima." Nikamwambia yule dada, gari hili nalifunga jembe. Alinitazama kama nimechanganyikiwa, lakini akakubali kunipa nilijaribu kwa siku tatu, akabaki na pikapu yako kama dhamana. Nikapakia magunia.

Kwanza nilipita kwa Fundi Masanja. Akafungua boneti, akainama, akachungulia huku na huku. Alipoinuka uso ulikuwa umejaa huruma.

"Kulwa mwanangu," akasema, "wamekuibia injini."

Baba, linavuta! Kile kilima lilikipanda na magunia yote bila kukohoa. Mimi nilikuwa naimba. Nikakata kona, nikaingia getini, na hapo wimbo ukanikauka mdomoni. Mama alikuwa amekaa uani, amenipa mgongo, anachambua mchicha. Jua linazama, na maji ya ugali hayajabandikwa. Nilisimama hatua chache nyuma yake, asigeuke. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, ametega sikio kule kilimani. Ananisubiri, na mimi nipo.

Niliumia, baba. Nikajiambia, kesho nalirudisha.

Sikutaka kumshtua, kwa hiyo nikarudi kinyumenyume taratibu mpaka kwenye kona. Nikaweka kiganja juu ya honi. Nilikuomba ruhusa kwa sauti kabisa. Kama kuna jirani aliyenisikia, shauri yake. Kisha nikapiga. Mwa-nga-lu-ka.

Nikashusha kioo, zamu yangu sasa kutega sikio.

"Mwangaluka!"

Bati likapasuka, nakwambia. Nilipoingia tena alikuwa amesimama, mchicha wote umemwagika chini, anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akajaza maji kidumu cha jikoni akaja nacho, kama alivyokuwa akikuletea wewe, akalizunguka gari mara mbili akitafuta pa kumimina.

"Mama, hili halinywi maji."

"Halinywi maji, halingurumi. Sasa linaishije?" Akalipiga boneti kofi dogo, la mapenzi. Akatazama jua, akanitazama mimi. "Na hili nalo halijui saa."

Akaenda kubandika maji ya ugali.

Kesho nakwenda kusaini. Pikapu yako ataichukua Fundi Masanja, anayesema yeye anataka gari lenye injini, kwa hiyo haiendi mbali na watu wanaokupenda. Zamu ya honi nimeichukua mimi. Kila jioni nitaipiga konani, mara nne, makusudi, ili mama apate mtu wa kumlalamikia.

Wewe nakuaga kwa salamu ya saa yake. Mwadila, baba.

Mwanao,
Kulwa