Salamu Wakati Rezini Inaganda

Kwa Mjomba, Kawe
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Tukuyu? Na mdogo wangu Atupele, ameacha kulalia daftari la hesabu akidhani zitaingia kichwani zenyewe? Huku sisi wazima. Joto tu ndilo linatutesa. Mie naoga mara tatu kwa siku na bado nanata.

Mama, nina habari nzuri mpaka kalamu hainifuati. Ila pamoja nayo kuna kosa, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Mzee Asajile, maana ndiye anayekuletea barua hii.

Unajua Mjomba anaziba boti za faiba hapa uani. Sasa kaka Gwamaka, mwanae, ana miezi mitatu anatengeneza ubao wa kutelezea juu ya mawimbi. Ndani ni povu gumu alilookota chumba cha kugandishia samaki kilipobomolewa. Nje amelivika kitambaa cha faiba na rezini, ile gundi ya maji maji inayoganda ikawa ngumu kama kioo. Juu mweupe, chini bluu. Lakini pale rangi mbili zinapokutana ubavuni, mpaka ulikuwa ovyo, kama kichwa kilichonyolewa na mtu mwenye haraka. Dawa yake ni mstari mweusi mwembamba kuzunguka ubao wote, uufunike huo mpaka.

Mjomba akaniangalia. "Huyu asiyesemaga ndiye atakayechora. Mkono wake umetulia kama mdomo wake." Nikainamisha kichwa, lakini moyoni, Mama, nilitamani sana.

Kazi yenyewe iko hivi. Unabandika tepu ya karatasi safu mbili, katikati unaacha nafasi ya upana wa kamba ya kiatu. Unapaka humo rezini yenye rangi, unasubiri kidogo, halafu unavua tepu. Ukiwahi, rangi inatiririka. Ukichelewa, inaganda na kuing'ang'ania tepu, na mstari unameguka. Kwa joto la huku, muda wa kuvua ni mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Jumatano nilianza upande wa kushoto. Ndiyo kwanza nimeanza kuvua tepu, akaingia Mzee Asajile, yule mzee wa kanisa letu la nyumbani aliyekuja huku kutibiwa macho. Nikafanya ulivyonilea. Nikaacha tepu, nikapiga magoti, shikamoo, akaitikia, akauliza za nyumbani, za mama, za migomba, za ng'ombe mwenye mimba, na mie najibu moja moja, macho chini. Niliporudi kwenye ubao, tepu ilikuwa imeshikwa. Nilipovuta ikachanika, na mstari ukatoka na meno kama biskuti iliyong'atwa.

Gwamaka hakunifokea. Alisema tu, "Sista, yaani umemsalimia mpaka na ng'ombe." Bora angenifokea. Nikaenda kulia chooni. Siku mbili tulipiga msasa kuondoa ule uchafu, na Mjomba akatuonya kwamba faiba pale imebaki nyembamba. Tukikosea tena, msasa utatoboa na ubao utakunywa maji. Miezi mitatu ya Gwamaka basi.

Jana tukarudia. Mstari wa kushoto ukatoka salama. Wa kulia nimefika katikati, nasikia hodi. Mzee yule yule. Akasimama pembeni, akasubiri. Unajua wazee wanavyosubiri salamu. Magoti yangu yakaanza kukunjika yenyewe. Nikatazama tepu, nikatazama viatu vyake. Halafu nikasikia sauti yangu, kubwa, sijui hata ilitoka wapi: "Shikamoo Mzee. Nisamehe, siwezi kuacha sasa hivi."

Hakuitikia. Mjomba akakohoa. Gwamaka akasema, "Mzee, akipiga magoti leo, mie nalia mbele yako." Mzee hakucheka. Nikaendelea kuvuta, taratibu, na chini ya tepu ukawa unatoka mstari mweusi, mwembamba, hauna hata jino moja, mpaka kwenye ncha, ukakutana na mwenzake wa kushoto. Mama, sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo.

Ndipo nikapiga magoti kwenye vumbi la msasa, nikamsalimia upya.

"Marahaba. Kwa hiyo leo umesalimia rangi kwanza."

"Ndiyo, Mzee."

"Mama yako nitamwambia."

Kisha akausogelea ubao mpaka pua karibu iguse, akanyoosha kidole. "Bado mbichi, Mzee," nikasema, mie mwenyewe tena. Akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

Basi, nimekwambia kabla yake. Na kuna la ndani zaidi. Tangu jana natafuta majuto, siyaoni. Aibu ninayo, lakini dakika ile ikirudi, ningevuta tepu tena. Hilo ndilo nililoshindwa kulisema kwenye simu. Unajua mie kwenye simu naitikia "ndiyo" tu mpaka salio linakwisha.

Wiki ijayo inakuja boti ya mteja, na Mjomba anataka mistari yake niichore mie. Naomba ruhusa yako. Naweza kuichora bila ruhusa, ila mkono hautatulia nikijua umenuna.

Msalimie Baba, na Bibi mwambie dawa yake ya kuchua Mzee anayo kwenye mkoba. Mke wa Mjomba anakusalimu, anasema binti yako sasa anaongea, ingawa ni na mbao.

Jibu lako mpe huyo huyo Mzee, anarudi kliniki mwezi ujao. Nitampokea kwa magoti yote mawili, isipokuwa akinikuta nimeshika tepu.

Mwanao akupendaye,
Tusekile