Funga Dirisha, Washa Tochi

Kwa mwanangu, nyapara wa wapiga dawa,

Salamu nakupa kwa kuwa nilikuzaa, si kwa kuwa unastahili. Mimi ni mzima, miguu inaniuma kama kawaida yake, ila kifua kinachemka. Hali yako sikuulizi. Naijua kuliko unavyoijua mwenyewe, na mbele nitakueleza nimeijuaje. Mkia wako, huyo mtoto asiyebanduka nyuma yako, hajambo. Yuko hapa kwa wazazi wa mama yake, ameoga, amekula, amelala. Kwa hiyo acha kugonga milango ya majirani ukiuliza nani kamwona mtoto. Nimemchukua mimi.

Mwandiko utautambua. Mkono ni wa mkeo, maneno ni yangu. Unajua shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani. Kuna matusi mawili amekataa kuyaandika. Nimemwambia aache nafasi, wewe utayajaza mwenyewe.

Nianze na siku ya mafunzo. Yule binti aliyeletwa kutufundisha usalama wa dawa, ambaye sasa shamba zima linamwita Bi Tochi, alikuja na kopo la unga na tochi ya mwanga wa zambarau. Akautia unga kwenye bomba lenye maji matupu, akawaambia vijana wako wapulizie nyanya, na sisi wengine tushike kazi zetu kama kila siku, kisha sote tuingie ghalani na milango ifungwe. Akasema unga ule hauna madhara na kwa macho hauonekani, ila ukimulikwa gizani unawaka, na popote unapowaka ndipo dawa ingekuwa imekaa. Wewe ulikuwepo. Ulimwona mtunza ghala alivyowaka puani kwa vile hakomi kujikuna. Ulimwona dereva wa trekta alivyowaka mbele ya suruali, palepale penye vifungo, wapalizi tukacheka mpaka wengine wakakaa chini, naye akaapa kwamba tangu leo atanawa kabla ya kwenda haja, siyo baada tu. Katika shamba lile ni mara ya kwanza nimeona watu wanafundishwa bila kusinzia.

Zamu yako ilipofika ukakataa kumulikwa. Binti akakuuliza kwa adabu, tena akakuita kaka, mkimaliza kupuliza mnajisafisha vipi. Ukatoa kifua mbele, ukasema mnakunywa maziwa, kila mtu kikombe chake, yanaosha sumu, na vijana wote ni wewe uliyewafundisha. Akakujibu polepole kwamba maziwa hayaoshi kitu, kwamba sumu nyingi inaingilia kwenye ngozi, na kinachosaidia ni maji, sabuni na kuiacha ovaroli kazini. Vijana wako wakatazamana. Hapo ndipo ulipoumia, usinidanganye. Ukasema hufundishwi kazi na msichana mwenye viganja laini, ukasema nyanya zinaoza huku watu wazima wanachezea tochi, ukafungua mlango ukatutoa. Mimi mamako ukanitoa kama kuku aliyeingia jikoni. Na binti wa watu ukamfukuza hata vitu vyake hajamaliza kukusanya.

Hilo ningekusamehe. Nisiloweza kulimeza ni la huyu anayeandika. Mtoto wenu ana vipele shingoni, anakohoa, macho hayaishi kutoa machozi. Zahanati wakampa dawa ya kupaka, haikufua dafu. Wewe ukaamua ni uchafu wa mkeo. Ukamwambia hajui kufua, hajui kuosha vyombo, ukamrushia begi lake nje kambi nzima ikitazama, mtoto ukabaki naye. Hapa ameacha kuandika anafuta pua. Andika, mama, andika. Mwanamke ambaye kwenye sufuria zake mtu anaweza kujitazama akanyoa ndevu! Basi nikaja kulea mimi. Nikaisugua nyumba ile hadi sakafu ikaomba radhi, na mtoto akazidi kukohoa. Sasa niambie wewe, mjuzi wa maziwa: kama uchafu uliondoka na begi, Mkia alikuwa anaumwa na nini?

Nakuambia jambo ambalo hata mkeo analisikia sasa hivi kwa mara ya kwanza. Lile kopo na ile tochi alivyoviacha Bi Tochi, nilivichukua mimi. Nia yangu ilikuwa kumrudishia. Lakini leo asubuhi nilipokuletea chai pale mnapochanganyia dawa, ulipoinama kufunga kamba za viatu, nikakuchotea unga nikautia kwenye bomba lako. Ndiyo, mimi. Ukitaka kunifukuza kazi ya palizi nifukuze, nitapalilia kwingine, magugu hayajaisha duniani.

Mchana ukarudi na ovaroli yako mwilini, kama kila siku. Mkia akakurukia shingoni. Ukanywa maziwa yako ya uganga, mtoto ukamwonjesha kikombe hichohicho, ukavua ovaroli ukaitundika juu ya mto wake, mkalala, yeye juu ya kifua chako. Nikatundika blanketi dirishani, nikafunga mlango, nikawasha tochi.

Mwanangu, kitasa kiliwaka. Sikio la kikombe liliwaka, na ukingo wake. Mto wa mtoto ulikuwa kama mtu amemwagia nyota. Upande wa kitanda wa mkeo ulikuwa giza tupu. Najua utasema hakuwepo. Ndiyo hivyo, hakuwepo!

Kisha nikakumulika wewe. Shingo yote. Mabega, pale mikanda ya bomba inapokaa. Kope zako, midomo yako, hadi ndani ya sikio. Ulikuwa unawaka wewe mzima, na vidole vyako vinacheza usingizini, vile vinavyocheza siku hizi ukishika kikombe ukidhani sioni. Utotoni nilikuogesha kwa mikono hii mpaka ulipoanza kunikimbia na povu kichwani. Nilitaka kukubeba nikakutie kwenye beseni, dume zima na ndevu zako. Nikaona siwezi kukubeba. Nikambeba ninayemweza. Shavu lake lilikuwa linawaka, na shingo, palepale penye vipele, na viganja vyote viwili. Wewe ukakoroma tu. Nikamsugua kwa sabuni mpaka tochi ikakosa cha kuonyesha, nikamvika nguo zilizobaki kwenye boksi la mama yake, nikamleta huku.

Basi sikia, na hapa sibembelezi. Ovaroli haiingii tena ndani ya nyumba ile. Unaoga pale mferejini nyuma ya ghala, kichwa hadi kisigino, kwa sabuni, ndipo unaelekea nyumbani. Mto uchome. Bi Tochi utampigia wewe mwenyewe, umwombe arudi, na safari hii wa kwanza kumulikwa ni wewe, mbele ya wale vijana uliowanywesha maziwa. Na wao wana watoto. Mkeo utakuja kumwomba radhi hapa hapa, kwa sauti, maana ulimtukana kwa sauti. Ukija, usibishe hodi ukaingia. Simama nje. Nitakumulika kwanza.

Wakwe zako wanakusalimu. Baba mkwe salamu zake amezitoa akiwa ameuma meno, lakini amezitoa. Mkeo nimemuuliza ana neno la kuongeza, akatikisa kichwa. Ila nimeona anakunja vizuri lile shati lako la bluu lililokuja na begi lake kwa bahati mbaya. Dereva wa trekta atakukabidhi barua hii na tochi. Tochi ni ya watu, usiiangushe, na ukija uje nayo.

Ni mimi mamako, niliyekupa mgongo wangu ukaulalia.

Sikutia dole gumba, usidhani nimesahau. Nusu ya chini ya karatasi hii utaiona nyeupe. Nimemkataza mkeo asiiguse. Kule kwako, kabla sijamwosha Mkia, karatasi hii ikiwa bado tupu, niliweka kiganja chake hapo. Funga dirisha, washa tochi, ukitazame.

Kisha kanawe mikono.