Mtunzaji wa Kifurushi cha Nyota

Jumamosi, 3 Septemba 2005

Leo nyota zimeongea Kiswahili. Mwalimu Leonce alivuta mapazia ya chumba cha kompyuta, mchana kweupe, nikafungua programu ya Angani kwenye mashine ya kona. Anga ya Moshi ikatokea. Kilimia, Zuhura, Mirihi – majina niliyoyaandika mwenyewe likizo nzima, moja moja, mahali pa yale ya Kiingereza. Programu ni ya mtu wa Brazili. Ameiacha wazi, yeyote aichukue, aibadilishe, aigawe. Simjui. Nimewaza sana kama kwake Kilimia huchomoza nyuma ya mlima, au baharini, au nyuma ya paa la jirani.

Nataka rafiki yangu Juliana aione. Tangu ahamie shule ya masista Kwa Sadala hajapata wa kukaa naye. Tuliahidiana: siku moja, saa moja, anga moja, yeye kule na mimi huku. Mwalimu kasema niifungashe vizuri kwenye kifurushi, tena mapema. Kompyuta za kule anazitunza Sista Victoria, na tarehe kumi na nane anakwenda masomoni. Atakayebaki na funguo hataki kitu kipya.

Jumanne, 6 Septemba

Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, ina koo! Kompyuta zetu ni Debian, za masista ni Fedora, na kifurushi cha ukoo huu hakifunguki kwa ukoo ule. Halafu kila kifurushi lazima kitaje vitu vinavyohitajika ili kifanye kazi, na majina nayo hubadilika. Debian wanasema python-pygame. Fedora wanasema pygame, basi. Ni kama mimi: shuleni Mektrida, kihambani kwa bibi, kwenye migomba, jina jingine kabisa, na mtoto ni yule yule.

Nimeunda cha Fedora kwenye kompyuta ya Mwalimu, ndiyo pekee yenye Fedora hapa. Kikaingia, kikafunguka. Palipoulizwa mtunzaji ni nani, niliacha wazi. Nilikuwa na haraka.

Sikuwa na haraka.

Nyumbani kaka yangu Jovin amesema kaka mkubwa hana kazi tena ya kupokea posa, mimi nitaolewa na kompyuta na mahari italetwa kwenye disketi. Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Machalari ya ndizi yakashika sufuria.

Alhamisi, 8 Septemba

Sista amekikataa. Mwalimu alikipeleka mwenyewe. Anasema Sista alikitazama kwa upole, akauliza ni cha nani, akakuta pa mtunzaji pako wazi. Basi akasema hata mkungu wa ndizi ukishushwa mjini bila alama ya mwenyewe haupelekwi nyumbani kwa mtu. Ni kweli. Bibi hufunga kitambaa chekundu kwenye mikungu anayotutumia kwa basi hapa Shirimatunda, na makondakta wote wanakijua.

Juliana alisimama mlangoni, kasema Mwalimu. 

Ijumaa, 9 Septemba

Nimeandika jina la Mwalimu mahali pa mtunzaji. Nikamwonyesha. Akalifuta herufi kwa herufi, taratibu, kama anayefuta ubao.

Nikamwambia mimi ni mwanafunzi tu. Kikiharibika watu watanitafuta.

"Ndiyo maana ya kuandika jina," akasema. "Wakutafute."

Nikasema watanicheka. Akasema huenda. Kisha akaenda kusahihisha madaftari, akaniacha na mshale unaowakawaka.

Mektrida Sirili Lyimo. Nimeliandika. Linaonekana refu mno. Nikaenda kafe ya mtandao kufungua anwani ya baruapepe, maana mtunzaji lazima awe na pa kupigia hodi. Hapakuwa na barua hata moja. Nimefurahi, na nimehuzunika kidogo.

Jumapili, 11 Septemba

Mlima ulikuwa wazi baada ya misa, wote, mpaka ule weupe wa juu. Nimekaa kibarazani. Nikawaza kila kompyuta duniani ni dirisha lenye taa, na nyuma ya kila programu yupo mtu ameketi, jina lake limebandikwa mlangoni, anasubiri kuitwa. Wengi hawataitwa kamwe. Wanakaa tu. Nikasinzia. Mama akaniamsha nianue nguo.

Jumatano, 14 Septemba

Juliana amepiga simu ya Mama. Kifurushi chenye jina langu, alichokipeleka Mwalimu jana, kimekubali kuingia, lakini Angani haifunguki. Inatokea mistari mitatu, inazima. Wasichana walikuwa wameshavuta mapazia. Wakayafungua tena.

Nilijua kabla hajamaliza. Kuna maktaba ya hesabu ndani ya kompyuta, inaitwa Numeric, ndiyo inayojua nyota ikae wapi saa ngapi. Kwenye kompyuta ya Mwalimu ilikuwepo tangu zamani. Kwa hiyo sikuikosa, na kwa hiyo sikuitaja. Mtu hataji hewa.

Juliana alinong'ona kwamba Sista hakukasirika. Amesoma jina tu, akasema: "Huyu aje Jumamosi mwenyewe."

Nilimwomba Mwalimu anisindikize. Ana kikao.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimeitaja Numeric. Nimeipakua pia kafe, kwa sababu kule hakuna mtandao. Vyote viwili kwenye flashi. Ila sina kompyuta yenye Fedora tupu, isiyoongezwa kitu, ya kujaribia. Kama kuna kingine nilichosahau, nitakijua pale pale, mbele yao.

Jumamosi, 17 Septemba

Kwa Sadala. Naandika kwa penseli, nimekaa benchi la nyuma la chumba cha kompyuta, daftari juu ya goti. Sista Victoria hana mwili mkubwa kama nilivyomwazia. Ni mwembamba, ana kikohozi. Nilimpa shikamoo nikamkabidhi flashi, nikakimbilia huku kabla hajauliza chochote. Nadhani amenidhania mjumbe.

Chumba kimejaa. Mapazia yamevutwa. Juliana yuko mstari wa mbele, hanitazami, kwa makusudi, ananijua. Numeric imeingia. Sasa kifurushi changu. Mistari inapita.

Mistari imekwisha.

Kioo kimekuwa cheusi. Sijui kama ni usiku au ni kosa. Angani huanza na weusi kabla nyota hazijachomoza, lakini sikumbuki kwa muda gani. Msichana mmoja ameuliza kama imezimika tena, mwingine akamwambia nyamaza, inapika. Wamecheka.

Sista hacheki. Amevaa miwani, ameinama, anasoma karatasi aliyochapa: jina la kifurushi, toleo, mtunzaji. Amelisoma jina langu kwa sauti, lote, hadi la ukoo, akauliza yuko humu?

Wanageuka kutafuta. Juliana anaweza kuninyooshea kidole. Hanyooshi. Kioo bado cheusi.

Naweka penseli chini. Nasimama.