Vifuniko vya Lutuku

Kamina, tarehe 14 mwezi wa tatu 1999

Mpendwa Yaya Ézéchias, mkubwa wetu,

Habari ya Likasi? Mama Talitha na watoto wanaamka vizuri? Na kile kifua chako, kimetulia? Sisi hapa tuko. Miguu ya Mama imevimba tena, basoda wa jeshi wamejaa mjini wakipelekwa kaskazini, na hata unga wa kusonga bukari tunaupangia foleni. Barua hii anaibeba Kabamba wa reli. Nimemwambia akupe mkononi mwako.

Ujumbe wangu wa redio ya phonie uliupata, kwamba mdogo wetu Monga amekufa gerezani. Jibu lako nalo lilifika: "Tumshukuru Mungu, amekufa bila pombe." Nilicheka, Yaya. Nilicheka mbele ya watu wote pale kwenye phonie, wakafikiri minyi pia, mimi dada yako, kichwa kimeharibika. Sasa keti, nikuambie namna alivyokufa bila pombe.

Unajua Monga alianza kusikia sauti akiwa bado kazini, kwenye reli ya Luena. Akanywa lutuku, ile pombe kali ya mahindi, ili sauti zinyamaze, na lutuku ikazidi kuziamsha. Alipovunja vioo vya ofisi ya chef, mkubwa wake wa kazi, wakamfunga hapa Kamina, maana hapa kwetu mwenye wazimu hana pengine pa kuwekwa. Dispensaire wakasema aache pombe kwanza, ndipo watatibu kichwa. Watu wetu wa maombi wakasema kichwa kipone kwanza, ndipo atubu pombe. Miezi minane walirushiana mtoto wa Mama namna hiyo.

Aliyemshika mkono ni mfungwa mwenzake, Lazare, muuguzi, infirmier wa zamani. Aliniambia, "Mama Ndaya, ile magonjwa mbili iko pamoja, tutaitunza pamoja. Ukimukatia pombe yote mara moja, utamuua." Basi kila asubuhi kidonge cha kutuliza kichwa, na lutuku ya kupimwa kwa kifuniko cha chupa: vifuniko arobaini kwa siku, juma lililofuata thelathini na sita, tukishuka hivyo hivyo. Minyi mwenyewe njo nilikuwa naipeleka, kachupa kamefichwa katikati ya bukari. Minyi, binti wa mwalimu Mmetodisti! Tulifika vifuniko ishirini na vinne. Monga alikuwa anauliza habari za Mama. Alianza kunyoa ndevu zake mwenyewe.

Nikakuandikia kwa furaha kwamba anapona, nikakueleza na namna anavyopona. Mjinga minyi! Ulijibu kwamba nyumba ya mchungaji, ya pasteur kama weye, haibebi lutuku, hata tone moja, na kwamba nikiendelea jina langu litasomwa kanisani kati ya waliotengwa. Niliogopea jina langu, Yaya. Kesho yake nilipeleka bukari tupu.

Siku ya kwanza alitetemeka. Siku ya pili hakuweza kushika tonge. Siku ya tatu aliona siafu ukutani, akaukwangua ukuta mpaka kucha zikatoka, na walinzi wakamfungia peke yake huku wakicheka. Lazare alinikimbilia mlangoni. "Mama, leta hata kifuniko moja. Moja tu." Mlinzi mmoja alikuwa na chupa yake ya lutuku pale pale, hatua mbili kutoka kwangu. Nilimjibu Lazare kwamba kaka yangu ni pasteur. Monga alinisikia, akaita kutoka ndani, "Yaya Ndaya, minyi nitaacha, lakini si leo! Si leo!" Nilijitwika chungu changu nikaenda.

Siku ya nne degedege ilimkamata mara tatu. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa, ulimi ameukata kwa meno yake. Lazare njo alimwosha. Ni kweli, hakunuka pombe.

Mama anajua amekufa, hajui kilichomuua. Barua yako ile ya kukataza lutuku ameiweka ndani ya Biblia, na kwa kuwa macho yake hayaoni tena, kila asubuhi ananiomba nimsomee. Anasema ndiyo iliyookoa roho ya mtoto wake. Amenituma nikushukuru. Haya, Mama anakushukuru sana.

Nasikia unakuja Pasaka kumhubiria Monga kwenye kilio chake. Njoo. Lakini kabla hujafungua kinywa kanisani, keti karibu na Mama umwambie weye mwenyewe. Nitakuwa hapo, na sehemu yangu nitaisema. Nikikuona unapanda kuhubiri bila kumwambia, sitapiga kelele, usiogope. Nitaendelea kumsomea barua yako kila asubuhi, mpaka kwenye jina lako mwishoni, naye ataendelea kukushukuru.

Nisalimie Mama Talitha, Talitha mwenyewe na Élisha mdogo. Lazare naye anakusalimu. Ana wagonjwa wengine wawili wa namna ya Monga, na ndugu zao, tangu isikike kwamba kanisa letu linasoma majina, wameacha kuleta kachupa.

Mungu akupe usingizi, maana minyi wangu amenikatia.

Ni minyi anayekupenda, hata leo,
Ndaya