Mkalimani wa Duara

Kambini, Dadaab
9 Februari 1993

Kwa habaryar wangu, mama mdogo Osob,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wanafunzi wako, na kwamba joto la Garissa halijawashinda. Mimi sijambo kwa rehema za Mola, ila vumbi na uchovu. Usinicheke kwa Kiswahili hiki cha darasani. Kisomali tunakisema tu, kukiandika hatukufunzwa, na wewe ndiye mwalimu uliyenichapa mpaka nikajua nukta huwekwa wapi.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa. Nilidhani ningekaa zahanati nikitafsiri homa na kuhara. Badala yake wamenipeleka kwa mzungu mmoja wa makamo, Bi Margit, anayewatibu watu waliovunjwa moyo na vita. Wanawake wakimbizi huketi duara mkekani chini ya turubai. Bi Margit huweka sahani juu ya karatasi, akaizungushia penseli, kisha kila mmoja hupewa rangi ajaze duara lake vile moyo unavyomtuma. Anasema huko mbali Asia watawa huchora maduara hayo wakitafakari, huyaita mandala, na kwao Ulaya hutumika kuwatuliza wagonjwa. Nilipolitaja neno hilo wanawake walitazamana, na mmoja akauliza kama ni dini. Nikamwomba Bi Margit tuseme duara tu. Akakubali.

Bibi mmoja, Naimo, alichora fito za aqal zinavyoonekana ukilala chali ndani ya nyumba hiyo. Mwingine, Ardo, aliyetoka upande wa Kismayu, alichora miiba ukingoni pekee, akikandamiza rangi ya kahawia mpaka ikakatika. Alisema hilo ni boma la mifugo. Katikati hakuweka kitu. Bi Margit akataka nimuulize ndani mna nini. Ardo akanijibu, "Mwambie bado naziba. Ulinzi kwanza."

Kinachonichosha, habaryar, ni kwamba mkalimani hasemi "yeye". Ardo akisema walimuua mume wangu, nami nageuka kwa Bi Margit na kusema kwa Kiingereza, walimuua mume wangu. Jioni kinywa changu ni kichungu kana kwamba nimetafuna mwarobaini.

Barua hii atakuletea Keinan. Lori lake la maji linakuja huku kila wiki, na kaka yangu hunipigia honi hata siku asiyoweza kushuka.

Mwanao,
Ikran


Garissa
27 Februari 1993

Mwanangu Ikran,

Waaleikum salaam. Sisi tu wazima, alhamdulillah, isipokuwa goti langu. Keinan alileta barua yako, akala wali wote uliokuwa sufuriani, akalala sebuleni na viatu miguuni.

Maneno yamefika hapa kabla ya barua. Mjomba wako Kerrow amesikia kwamba unawachorea wazungu hirizi. Nilimwambia mtoto ana sahani na penseli, hana hirizi. Hakuridhika, na sitakuficha, mimi pia sina raha. Shule yetu inatafuta mwalimu wa darasa la tatu. Nafasi ni yako ukisema ndiyo.

Kuketi duara si jambo geni kwetu. Marehemu mama yako alikwenda kwenye sitaat kila Alhamisi. Wanawake walikaa mviringo, ubani ukifuka, wakiwasifu Mama Hawa na Bibi Fatuma, na aliyelia hakuulizwa sababu. Mwambie huyo Bi Margit. Na mambo ya watu, mwanangu, usilale nayo.

Habaryar wako,
Osob


Kambini
20 Juni 1993

Kwa habaryar wangu,

Asalaam aleikum. Nilifika salama na msafara wa polisi. Tulipopita pale majambazi walipolipigia risasi lori la Keinan, dereva wetu alizima redio. Tangi bado liko kando ya barabara, limelala ubavu.

Najua umenikasirikia kwa kuondoka mara tu baada ya mazishi. Ulitaka nikae nawe walau mwezi mmoja. Lakini nyumbani kila anayeingia anashika mkono wangu na kusubiri nilie, na mimi machozi sina. Huku nimekaa na watu waliozika wana wao njiani bila sanda, wakaendelea kutembea. Mimi nimezika kaka mmoja, kwa sanda, kwa dua, na kaburi lake nalijua. Nitaliaje mbele ya hawa?

Juzi Ardo alisema, "Nilisikia mlio wa risasi nikajua ni yeye." Nikageuka, nikatafsiri neno kwa neno. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Bi Margit ameona sili. Anataka nipumzike, lakini mkataba wake unaisha na hana mkalimani mwingine.

Ikran wako


Garissa
4 Julai 1993

Mwanangu,

Salaam nyingi. Sina nguvu za kuandika kirefu.

Msiba haupimwi kwa kibaba, useme huyu kapata pishi mbili na mimi nusu. Keinan alikuwa mtoto wa nyumba hii. Nilimlea tangu mama yenu alipofariki, na wewe ulijifunza kutembea ukiwa umemshika shati. Rudi nyumbani. Nafasi ya darasa la tatu bado ipo, nimemwomba mwalimu mkuu asubiri.

Mimi nimerudi kazini. Wazazi wananisifu kwamba nina moyo wa jabali.

Habaryar


Garissa
29 Agosti 1993

Ikran,

Asalaam aleikum. Sijapata jibu lako. Dereva mmoja wa msafara ameniambia alikuona umeketi peke yako nje ya turubai, akakusalimu kwa jina, hukuitika. Mjomba Kerrow anataka kuja kukuchukua kwa nguvu. Nimemzuia, ila sijui nimemzuia kwa nini.

Niandikie hata neno moja. Kama kalamu imekushinda, mtume mtu aniambie tu kwamba unakula.

Osob


Kambini
12 Oktoba 1993

Kwa habaryar wangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ninakula. Tangu wiki iliyopita ninalala pia, kwa hiyo leo naweza kushika kalamu.

Bi Margit aliondoka mwezi wa nane. Mwingine hakuletwa, na afisini wakaniambia kazi ya mkalimani imekwisha. Nilikwenda chini ya turubai kukusanya rangi na mkeka nirudishe stoo, nikawakuta wanawake wote wameshakaa. Nikawaeleza kwamba mzungu amekwenda, hakuna karatasi tena. Naimo akaniambia wameona gari likiondoka, nami nikae.

Nikakaa. Walizungumza mmoja baada ya mwingine, na kila aliponyamaza mtu nilitaka kugeuka upande wa kiti cha Bi Margit. Hapakuwa na wa kumtafsiria. Ikanijia kwamba sijawahi kuwasikiliza wanawake hawa bila kuwa natafuta neno la Kiingereza.

Ilipofika zamu yangu nilitikisa kichwa ipite. Ardo akanizuia. Akasema, "Yule mzungu alitusikia kupitia kwako. Wewe unasikika kupitia kwa nani?"

Nilitazama mkeka. Nilikaa vile siku hiyo, na siku nyingi zilizofuata. Barua yako ya mwisho ilinikuta siku hizo, na zote ninazo. Nilikuwa nakuja, nakaa, naondoka, na hakuna aliyenisukuma. Walichora mchangani kwa vijiti, wakafuta, wakachora tena.

Wiki iliyopita nilifungua kinywa, na yaliyotoka yalikuwa Kiingereza. Nilisema, wamemuua kaka yangu, kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja pale aliyeielewa. Walisubiri. Nikasema tena, kwa Kisomali, na nilipofika kwenye jina la Keinan sauti ilikatika. Nililia mpaka shingo ikaniuma. Ardo alinisugua mgongo kwa kiganja, taratibu, kama anayemcheulisha mtoto. Hakuniambia yake ni makubwa kuliko yangu. Naimo akaanza sitaat kwa sauti ya chini, wengine wakamfuata.

Nimepata kazi ya kufundisha watoto hapa kambini mpaka mwisho wa mwaka, halafu tutaona. Mwambie Mjomba Kerrow sijapotea. Bado nimechoka, habaryar, nimechoka sana. Lakini naujua uchovu huu ni wa nani.

Na wewe, mwenye moyo wa jabali, ni nani anayekaa nawe?

Mwanao,
Ikran


Garissa
30 Oktoba 1993

Mwanangu Ikran,

Waaleikum salaam warahmatullahi. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena nimeketi.

Uliuliza swali mwishoni. Jana nikiita majina darasani nilifika kwa mtoto mmoja mgeni aitwaye Keinan. Sikuweza kulitamka. Nilisema mwenye namba hii aitike, akaitika, nikamaliza hesabu za kugawanya na kengele ikalia. Majirani wananiita jabali, na jabali halipelekewi chai.

Nafasi ya darasa la tatu nimemwachia mwalimu mkuu ampe mwingine. Nimemwambia Kerrow kwamba nakuja huko, na amekaa kimya, jambo ambalo kwake ni ruhusa.

Shule zikifungwa nitapanda gari la msafara. Tukifika penye lile tangi nitamwomba dereva asimame kidogo, akikataa nitasoma Fatiha tukipita. Waambie wanawake wanisogezee nafasi mkekani karibu na nguzo, niegemeze mgongo, maana goti halikunjiki vizuri.

Siji kukuchukua, mwanangu. Nakuja kukaa.

Habaryar wako,
Osob